Mmekuja Wangapi?

Kabula mwanangu,

Nimekufokea mchana wa leo mbele ya mama yako na mbele ya begi lako lililo wazi. Mmekwenda kwa shangazi yako, huko Kitete, ukasukwe nywele na uage. Umenuna, na una haki ya kununa. Mama yako aligeuka mlangoni akaniambia, "Wewe ukisema unapiga kelele. Mwandikie." Basi ninakuandikia, hapa barazani, jua bado lipo, nikiomba shangazi yako awe na maneno mengi kama kawaida yake ili nimalize kabla hamjarudi.

Sitakuambia ufunge dirisha la basi vumbi lisikuingie, wala uchemshe maji ukifika Igunga. Hayo mama yako ameyasema mpaka kuku wameyasikia. Mimi nina jambo moja tu, na naliogopa kiasi kwamba nimeshaanza barua hii mara kadhaa nikaichana.

Ulikuwa unaongea kwa simu na mwalimu mwenzako wa hiyo shule ya kanisa inayokungoja. Mlikuwa mnacheka. Ukasema, "Huyo bibi mwambieni Jumamosi tunakuja kumlimia. Darasa zima! Nataka nianze kwa kishindo." Glasi ikaniponyoka. Nikasimama katikati ya vigae vyake nikapayuka, "Huendi! Huendi popote!" Ukacheka kwanza, ukidhani natania, halafu ukaniona uso. "Baba, si kazi yako hii? Si wewe uliyenifundisha?" Nikatoka uani nikajifanya nawaangalia kuku.

Ni kazi yangu, ndiyo. Nimefundisha kipindi cha huduma kwa jamii katika shule yetu ya misheni tangu hujaota meno, na huku mtaani wananiita Mwalimu Huduma, jina ambalo wewe unalipenda kuliko mimi. Na wewe una hadithi yako. Umewasimulia marafiki zako, umeisimulia hata kwenye usaili wa kazi hii, mama yako aliniambia. Siku ya nyama. Siku nilipokuchukua kwenye lori la shule, ukiwa mdogo umevaa kofia yangu, tukaenda Puge kumlimia Bibi Kalunde. Wanafunzi wakiimba njia nzima. Na Bibi akakuita, akakupakata, akakuchagulia kipande cha ini kutoka kwenye sufuria akakupulizia kipoe. Unasema siku ile ndiyo ulijua utakuwa mwalimu wa kazi hii.

Hadithi hiyo ni ya kweli, mwanangu, lakini iliishia pale ulipolala kwenye lori. Mimi ndiye niliyeona iliyobaki, nami nikanyamaza miaka yote hii, kwa sababu kila ulipoisimulia uso wako uling'aa na mimi nikaogopa kuuzima. Sasa naogopa zaidi kutokusema.

Iko hivi. Mimi ni Mnyamwezi wa mjini. Nimezaliwa Tabora mjini, nimekulia kwenye Kiswahili, na Kinyamwezi changu ni cha salamu na cha kutukania ng'ombe. Mzee wa kanisa wa Puge ndiye aliyenipa jina la Bibi Kalunde: mjane, mwanawe kaenda migodini na harudi, shamba limemshinda. Nami nikamtuma huyo mzee kwa kujiamini kabisa. "Mwambie bibi Jumamosi tunakuja kumlimia. Watoto arobaini." Maneno yale yale uliyosema leo.

Kwangu mimi maneno yale yalikuwa na maana ya bure. Huduma. Tunakuja, tunalima, tunaomba, tunaondoka. Lakini kijijini, watu wakija kukulimia, wewe ndiye mwenye kazi, na mwenye kazi anapika. Haijalishi ulikuwa umewaita au wamejiita. Watu wameshika jembe kwenye shamba lako, watakula kwako, na watakula vizuri, vinginevyo utatazamaje watu usoni? Babu yako angenielekeza kama ningemuuliza. Sikumuuliza. Nilikuwa na cheti.

Bibi Kalunde alikuwa na mbuzi jike mmoja. Alikuwa na kilindo chake cha gome la mti, kile kikubwa cha kuwekea nafaka, na ndani yake karanga na mahindi ya mbegu, akingoja mvua. Akapokea habari kwamba watu arobaini wanakuja kumlimia. Akachinja mbuzi. Akatwanga karanga za mchuzi. Akayachemsha mahindi.

Tulipofika tukakuta masufuria matatu yanachemka, mengine kaazima kwa majirani, na wanafunzi wakashangilia mpaka ndege wakaruka. Na mimi baba yako nikafanya nini? Nikasimama mbele ya masufuria yale nikahubiri. Nikawaambia watoto habari za yule mjane wa kwenye Injili aliyetoa vyote alivyokuwa navyo, nikamshika Bibi Kalunde bega, nikasema, "Mnamwona? Ni huyu hapa!" Wakapiga makofi. Sikujua kwamba nilikuwa nasema kweli.

Tukala. Tukalima matuta marefu yaliyonyooka, kazi safi sijapata kuiona tena. Tukapiga picha. Ukalala mapajani mwangu njia nzima mpaka Tabora, mdomo unang'aa mafuta.

Mvua zikanyesha. Mkuu wetu wa shule wa wakati ule akataka picha ya mahindi yakiwa ya kijani, awapelekee wafadhili. Nikachukua pikipiki ya shule nikaenda peke yangu, nikipiga mluzi. Nilipokata kona ya mwisho mluzi ukanifia mdomoni. Matuta yetu yalikuwa pale pale, yamenyooka vile vile, na juu yake majani matupu. Hakuna hindi hata moja. Nikasimamisha pikipiki nikafikiri nimekosea shamba.

Mlango wa nyumba ya Bibi ulikuwa umerudishwa. Nje hakuna kuku, hakuna moshi, majivu ya jikoni yamelowa mvua na hakuna aliyeyazoa. Nikapiga hodi. Kimya. Nikamsalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, bibi!" kwa lafudhi yangu ya mjini. Kimya. Kabula, nimewahi kuogopa mambo. Nimemwogopa Mungu, nimeogopa ulipougua malaria ikakupanda kichwani. Lakini sijawahi kuogopa kitu kama nilivyouogopa mlango ule. Nilikuwa nimeshaelewa, kabla ya yeyote kuniambia. Macho yalikwenda kwenye matuta, yakarudi mlangoni. Nilitaka kupanda pikipiki nirudi Tabora. Nakuambia hivyo ujue baba yako ni mtu wa namna gani. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye usukani.

Nikausukuma mlango. Alikuwa amelala chini kwenye ngozi, kajikunja, mdogo kuliko nilivyomwacha, na sikuweza kujua kama anapumua. Nikachuchumaa. Ndipo akafumbua macho, akaniona, akanitambua. Na yeye, mwanangu, akaogopa. Akajaribu kuinuka, mkono unatafuta ukuta, akaniuliza kwa sauti ya kukauka:

"Mmekuja wangapi?"

Nikasema, "Niko peke yangu, bibi."

Akajilaza tena. "Afadhali," akasema, akafumba macho.

Nilikimbia kwa jirani kama mwehu. Yule mama akaja na uji, akamnywesha kidogo kidogo, bila kunitazama. Nikamwuliza kwa nini bibi hakupanda. Akaniambia huku anapuliza kijiko, "Mwalimu, zile karanga mlizokula ndizo zilikuwa mbegu. Na mahindi ndiyo hayo."

"Na ninyi majirani? Hamkumwona?" Nilitaka sana nipate mwenzangu wa kulaumiwa.

"Tulimwona. Lakini tulijua shule imemchukua. Kila mtu alisema, huyu sasa ana watu wake Tabora, wanakuja na lori. Sisi tumpelekee nini?"

Hapo ndipo nilipokaa chini. Nilikuwa nimemlia chakula chake, na nilikuwa nimemfukuzia majirani zake, vyote kwa siku moja, kwa wimbo na maombi.

Tulimpeleka zahanati, na akapona. Naandika neno hilo haraka kwa sababu najua uko roho juu. Tukampatia mbegu, zikachelewa, akavuna kidogo, akaishi miaka kadhaa mpaka uzee ulipomchukua. Lakini mimi nimeishi na jambo lingine: kwamba sikwenda siku ile kumjulia hali. Nilikwenda kupiga picha. Mkuu angeitaka picha ile wiki nyingine, ningekuta nini nyuma ya mlango? Nimekuwa nikiusukuma mlango ule usingizini, na mama yako huniamsha akidhani ni wezi.

Baadaye, alipopata nguvu, nilimwuliza Bibi kwa nini hakuniambia. Akacheka, meno yake machache yote nje. "Baba, mtu anakuja kukulimia, unamwambiaje una njaa? Na wewe hukuniambia kama watoto wamekula." Halafu akaniambia jambo ambalo sijawahi kulisema darasani. Kijiji chao kilikuwa kwenye njia ya misafara, ile ya wapagazi na pembe, iliyopita hapa kwetu kwenda pwani. Wazee wake walimsimulia kwamba ngoma ya msafara ikisikika mbali, wanawake walikimbilia kuficha nafaka, kwa sababu msafara ukilala kijijini asubuhi hakibaki kitu. "Sisi tulifundishwa kuficha," akasema. "Lakini ninyi mlikuja na watoto wanaimba vizuri. Nikasema hawa si msafara. Nikatoa."

Nilikuwa msafara, Kabula. Kwa suti yangu ya kaki na Biblia yangu, nilikuwa msafara.

Usidhani baada ya hapo nikawa mtaalamu. Nilihangaika. Kwanza nikaamua tutakwenda na chakula chetu kilichopikwa, na tutakataa kila kitu. Tulipofika kwa mzee mmoja mfugaji, huko huko Igunga unakokwenda, akaona wanafunzi wanafungua makontena ya wali mbele ya nyumba yake. Akauliza, "Nani amewaambia hapa pana njaa?" Akatufukuza. Kisha akatuita tena, akatukalisha juani, akatunywesha maziwa ya mgando mpaka kibuyu cha mwisho, tukiwa chini ya ulinzi wa fimbo yake. Njiani kurudi lori lilisimama mara nyingi sana kwa ajili ya matumbo ya watoto. Adhabu ile niliistahili.

Na jambo hili nililijua, ndilo linaloniuma. Nililijua hapa hapa nyumbani. Mama Rukia jirani yetu, sikukuu zao zote anatuletea sahani ya pilau, na wewe mwenyewe umetumwa kurudisha sahani ile. Ulishawahi kuirudisha tupu? Mama yako angekuchapa. Hata kama ndani hamna kitu, alitia maandazi mawili, alitia asali kwenye kikombe, na Krismasi inakuja zamu yetu. Hakuna aliyewahi kutufundisha hilo kwenye semina. Lakini nilipovuka tu mipaka ya mji nikiwa na jembe na kwaya, nikadhani nimefika mahali ambapo watu wanapokea tu, na hawana sahani ya kurudisha.

Nilichokuja kukishika, kwa kubahatisha, ni kidogo. Nakwenda kwanza mwenyewe, sina mwanafunzi, sina kamera, nakaa. Naacha niulizwe mimi. Tukija kulima tunakuja wachache, na unga unatangulia siku moja kabla, mbichi, haujapikwa, kama mgeni anayeleta zawadi. Unga wetu, sufuria lake. Yeye ndiye anayepika, yeye ndiye anayepakua, na wanafunzi wanampokea sahani kwa mikono miwili na kumwambia asante. Majirani nao nawaita walime pamoja nasi, ili tukiondoka asibaki na watu wake Tabora peke yao. Hata hivyo nimekosea tena na tena. Mpaka leo kila safari ya huduma usiku wake silali, na wenzangu wa shule wananicheka, wanasema Mwalimu Huduma anaogopa vikongwe.

Wacheke. Nawaogopa kweli.

Sasa umeelewa vigae vya glasi. Huko Igunga kuna bibi ambaye simjui, na mvua zimeanza zikakatika, na nyumba nyingi zimebakiwa na mbegu tu. Ameshatumiwa habari, au anatumiwa wakati huu ninapoandika, kwamba darasa zima linakuja kumlimia. Pengine amekaa anaangalia kuku wake anahesabu shingo. Mchana ulipoondoka nilichukua simu yako ya zamani nikaipata namba ya yule mwalimu mwenzako. Nikaipiga. Ikaita mara moja nikakata. Nilijiona nimekuwa yule yule, mtu anayepanga mambo ya watu wengine bila wao kujua. Kazi ni yako. Bibi ni wako. Lakini nimekaa na simu hiyo mkononi muda mrefu, nikiogopa kuiweka na nikiogopa kupiga tena.

Naogopa na jambo dogo la aibu. Naogopa utanitazamaje kesho asubuhi stendi. Na naogopa nimekuharibia ile nyama. Hapo nakuomba unisikilize vizuri: ulikuwa mtoto, ulipewa ini na mwenye ini, na alikupa kwa furaha. Nilimwona. Miaka yote aliyobaki nayo alikuwa akiniuliza, "Yule wa kofia hajambo?" Mimi ndiye niliyekosea, wewe ulikula kwa haki. Usiniruhusu nikunyang'anye siku hiyo. Ibebe, ila ibebe yote, na mlango ule ukiwemo.

Kama baada ya kusoma haya utataka kuacha kazi, sitakulaumu, na sirini nitafurahi, kwa sababu nitalala. Lakini nakujua. Utakunja barua, utavuta kamasi, utapanda basi. Basi nakuomba hili moja. Kesho utafika. Ijumaa unayo yote kabla ya Jumamosi. Usiende shuleni kwanza kupanga majembe. Mwombe mtu akuelekeze kwa bibi. Nenda kwa miguu ukiweza, kimya, bila wimbo. Mama yako ameweka chupa ya asali kwenye begi akidhani ni yako, nami nimemwacha adhani hivyo. Mpe bibi asali. Akikupa maji, kunywa. Akikupa kiazi kimoja, kula, usikatae, na usiombe cha pili. Habari za Jumamosi atazianza mwenyewe. Wewe mwambie watoto watakuwa wachache na wanakuja na unga wao, na umwombe awapikie. Ukimwona mabega yameshuka, utajua tumewahi.

Naisikia sauti ya shangazi yako barabarani, anawasindikiza bado hajamaliza kusema. Nywele zako zimechukua jioni nzima, nitajifanya nazipenda. Nitaiweka barua hii chini ya chupa ya asali na nitakuja kukufungulia geti, na sitafoka.

Ukifika kwenye ua wake, piga hodi ukiwa mbali. Atatoka, au hatatoka, utasubiri. Na akikuuliza mmekuja wangapi, mwanangu, usimjibu kabla hujageuka nyuma ukaangalia, uwe na hakika. Kisha mwambie, "Niko peke yangu, bibi. Na nimekula."

Baba yako